Mwaka Nilipohasi Mahindi ya Mwaitu

Jambo la kwanza nililofanya nilipopewa ufunguo wa maabara lilikuwa kuhasi shamba la mama yangu. Si dume la mbuzi, si ng'ombe. Shamba. Mahindi yote ya kule chini, isipokuwa yale machache yaliyodumaa kando ya njia, ambayo hata mbuzi wetu hupita bila kuyasalimia. Nimeliandika hapa mwanzo kwa sababu nawajua. Mngeruka kurasa zote mkitafuta pahali nilipoharibu. Ni hapa. Sasa tulieni tuongee kazi.

Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba na magoti yangu yako sawa, lakini desturi ya shule yetu hapa karibu na Tawa ni kwamba mkifika muhula wa pili wa kidato cha nne mnanyang'anywa vyeo vyote ili mkae chini msome. Wiki hii nimerudisha ufunguo. Mwalimu Kilonzo, ambaye anafundisha biolojia na ndiye pia fundi wa maabara maana hatuna mwingine, ameniambia niwaandikie nyinyi mnaochukua kazi: watu wa kidato cha tatu, na hao wa Gredi ya Kumi ambao sweta zao bado zinanukia duka. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwepo. Kupanda cheo pia sitataja. Nilianza nikiwa kapteni wa maabara, nimemaliza nikiwa kapteni wa maabara, na katikati hapo nilikaribia sana kuwa mchungaji wa mbuzi wa kudumu.

Tuanze na vifaa. Maikroskopu ziko mbili. Ile iliyofungwa mguu kwa utepe mweusi ndiyo inaona. Ile inayong'aa ni ya wageni, iacheni ing'ae. Kioo cha chini kigeuzwe upande wa dirisha la pili, siyo la kwanza, kwa sababu la kwanza linatazama choo na kuna watu hupita hapo wakikuharibia mwangaza na fikira. Maji ya sinki hayapo, kuna mitungi, na mitungi haijijazi. Spiriti inafungiwa. Msiniulize kwa nini inafungiwa, mwulizeni aliyekuwa kapteni kabla yangu, ambaye alitoka kazini kabla ya wakati.

Mwalimu Kilonzo hana fimbo na hapigi kelele. Ana swali moja tu. Ukishika kitu vibaya anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, kwa upole kabisa, kikivunjika utamwambia nani. Mwanzoni nilidhani ni mzaha wake. Niliendelea kudhani hivyo kwa siku chache, hadi siku ya mahindi.

Ilikuwa muhula wa pili, mimi niko kidato cha tatu. Mwalimu alitangaza kwamba wiki inayofuata tutaangalia jinsi seli zinavyojigawa kutengeneza seli za uzazi, na siyo kwenye kitabu, kwa macho. Alihitaji mbelewele. Kwa wale ambao Kiswahili chao ni cha mtihani pekee, hilo ni lile shada linalotoka juu ya mhindi kama fagio. Lakini hakutaka lililotoka. Alisema mambo yote tunayotaka kuona hufanyika likiwa bado limejificha ndani ya majani, na likishachungulia nje kazi imekwisha, unakuta vumbi tayari. Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe: unashika bua karibu na kilele, unabonyeza pole pole, pale penye ulaini na unene kidogo ndipo lilipo. Nilete machache. Matano, sita, hivyo.

Jumamosi Mwaitu alienda sokoni Tawa. Mwaitu ndiye mama yangu, kwetu tunamwita hivyo, mkimwita vingine haitiki. Nikashuka shambani na wembe na kujiamini. Nikabonyeza mhindi wa kwanza, nikahisi mhindi. Wa pili, pia mhindi. Ulaini sikuusikia. Nikapasua majani ya wa kwanza nikavuta shada: limekomaa, limeanza hata kugeuka rangi. La pili lilikuwa jembamba kama uzi. La tatu limekomaa tena. Sasa mtu wa akili angesimama hapo arudi kwa mwalimu aseme ameshindwa. Mimi nilikuwa kapteni wa wiki moja. Nikaendelea. Mstari mmoja, mstari wa pili, na kila nikipata zuri naambiwa na kichwa changu kwamba labda mbele kuna zuri zaidi. Na niseme ukweli wangu, nilidhani lile shada ni mapambo. Chakula kiko kwenye hindi, kule ubavuni. Huku juu ni kofia tu, na mtu akivuliwa kofia hafi.

Mbuzi walikuja wakala masalio wakafurahi sana. Mimi nilienda shule Jumatatu na nusu gunia.

Sasa sikilizeni somo, maana hili litawajia kwa mtihani na mimi sitakuwepo. Mwalimu Kilonzo alituvua viatu. Jozi kumi, tukazipanga sakafuni. Mhindi, alisema, ndani ya kila seli yake una kromosomu ishirini, yaani jozi kumi. Katika kila jozi, kiatu cha kushoto kimetoka kwa mama na cha kulia kwa baba. Wakati wa kutengeneza seli za uzazi, viatu vya jozi moja vinatafutana, vinasimama ubavu kwa ubavu, na kabla ya kuachana vinabadilishana vitu. Akatufanya tubadilishane vipande vya kamba, cha kushoto kichukue kamba ya kulia. Kisha vinaachana: kimoja huku, kimoja kule, na hakuna anayepanga nani aende wapi. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na kushoto saba na kulia tatu, kingine kinyume chake. Kisha kila kiatu chenyewe, maana kilikuwa kimeshajinakili zamani kikawa maradufu, kinapasuka tena vipande viwili. Hapo alikosa mfano hadi akaona changu, ambacho soli ilikuwa imeachama tangu Februari. Akakiinua darasa lote likione. Kwa hivyo kutoka seli moja unapata nne, kila moja na kumi tu, nusu ya mzigo, na hakuna mbili zinazofanana. Ile nusu nyingine iko kwenye hindi inangoja. Zikikutana zinakuwa ishirini tena, na hiyo ndiyo punje.

Halafu akasema, kama mtu anayeongeza chumvi, kwamba kila unywele mnaoona kwenye hindi changa ni njia ya punje moja. Usipopata vumbi kutoka kwa mbelewele, hiyo punje haipo. Hindi zima likikosa, unavuna gunzi.

Nilikuwa nimesimama miguu mitupu kando ya nusu gunia.

Mwalimu akafuata macho yangu. Akafungua gunia, akaangalia, akalifunga tena kwa heshima kama mtu anayefunika maiti. Akauliza ni za shamba gani. Nikasema letu. Akauliza mama anajua. Nikainama kutafuta kiatu changu. Akavua miwani.

"Na mahindi yasipozaa, Mutinda, utamwambia nani?"

Hakuna aliyecheka, na darasa letu hucheka hata wakati wa maombi.

Lazima mjue kwa nini. Mvua ya Machi kwetu ni mvua ya kuahidi. Inakuja, inasalimia, inaenda. Mwaka ule ilikaa. Mwaitu alipanda mbegu yake mwenyewe, mahindi meupe ya muthokoi, ya kukobolewa na kupikwa na maharagwe, yale aliyokuwa ameyachagua moja moja na kuyaning'iniza juu ya moto jikoni yapate moshi. Baba anafanya kazi ya petroli kule Mtito Andei na hupiga simu Jumapili, na Jumapili zile zote nilimsikia Mwaitu akimwambia kwamba mwaka huu hatutanunua unga, kwamba karo ya Mutinda itabaki karo. Sikuwa nimesikiliza kwa makini. Sasa nilisikiliza, kwa kuchelewa.

Lakini kazi ilikuwa kazi, na mbelewele zilikuwepo tele. Tuliziloweka kwenye spiriti na asidi ya siki mpaka kesho yake. Unachukua kifuko kidogo cha vumbi, unakipasua kwenye slaidi, tone la rangi nyekundu, unapitisha juu ya moto lakini usichemshe, unafunika na kioo chembamba na unakandamiza kwa kidole gumba ukiwa umeweka karatasi katikati. Kidole kikiteleza unaanza upya. Niliteleza sana. Kisha mchana mmoja, kwenye ile maikroskopu ya utepe, nikaziona: seli nne zimekaa pamoja, kama andazi lililokatwa vipande vinne kabla watu hawajachukua. Kando yake nyingine ambayo ilikuwa bado inavutana, vijiti vyekundu vikienda huku na kule. Viatu vyetu. Niliita wengine waje waone na nikatoka nje kidogo, nikasimama kule dirisha la kwanza. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Na zilikuwa za Mwaitu, na nilikuwa nimezitia ndani ya spiriti.

Mwalimu alinikuta huko nje. Akaniambia mmea haujafa, ila umepoteza nusu moja. Hindi litatoka nywele zake kama kawaida na zitangoja siku kadhaa. Upepo unaweza kuleta vumbi la majirani, lakini yeye hangeweka dau kwa upepo. Akauliza, kuna mtu karibu aliyepanda akachelewa kidogo, ambaye vumbi lake litakuwa bado lipo nywele zetu zikitoka?

Alikuwepo. Ng'ambo ya ua wetu wa mkonge kuna Mzee Nzioka. Punda wake alikuwa mgonjwa wakati wa kulima, akapanda nyuma ya kila mtu. Shida ilikuwa moja. Mzee Nzioka hupanda mahindi ya manjano, ya kuku wake. Na Mwaitu ana maneno na mahindi ya manjano. Alikula ya msaada akiwa mdogo, mwaka wa njaa, na alishasema mbele yetu kwamba hayo hayataingia sufuria yake akiwa hai.

Nilienda kwa Mzee Nzioka nikamweleza yote. Huyu ni mzee ambaye hata kwenye mazishi wanamnyima kipaza sauti. Ndiye aliyetusemea siku wakwe walipomletea dada yangu Mumbua ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao kwetu Wakamba hakuna ndoa: mwanamume anaweza kuzaa na msichana wenu hata watoto kumi, mbuzi wasipoingia boma, watoto ni wa kwenu. Siku hiyo Mzee Nzioka aliwafungua mbuzi midomo akahesabu meno, mmoja akamrudisha. Sasa alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuta jiwe, akakaa, ndipo akacheka.

"Kwa hivyo umekuja kuomba uzazi wa mahindi yangu uupelekee mama yako," alisema. "Chukua, kijana. Lakini mtoto akitoka na sura yangu, usije hapa kuniuliza."

Basi hivi ndivyo inavyofanywa, na mtu asiwadanganye. Subiri umande ukauke, vumbi likiwa na maji halifai. Valisha mbelewele mfuko wa karatasi, ile ya khaki, piga kwa kidole, utaona unga wa njano chini. Usikae nao, unga huo hufa haraka. Peleka, kung'uta juu ya nywele za hindi, zile mbichi zinazonata. Rudia kesho, kwa sababu nywele hazitoki zote siku moja. Nilifanya hivyo wakati wa chai, asubuhi baada ya asubuhi, nikikimbia kutoka shule hadi kwa Mzee, kwa Mzee hadi shambani, na kurudi darasani na nywele za njano kama mtu aliyepigana na mkate. Majirani wakidhani nina mapenzi. Mwaitu alikuwa akidhani ni nyani walioharibu mahindi, alikuwa ameshaomba mbwa kwa shangazi yangu, na mimi nilikuwa nimewaachia nyani wabebe lawama. Hawakulalamika.

Siku aliyonishika alikuwa ametakiwa kuwa kwa chama cha akina mama. Mkutano uliahirishwa. Niligeuka na mfuko mkononi nikamkuta amesimama katikati ya mistari, kanga imefungwa kiunoni, ananitazama nikikung'utia mahindi karatasi. Akauliza nafanya nini. Nilimwambia. Nilianza na meiosisi, nikaona uso wake, nikarudi nikaanza na wembe. Nilimwambia yote, hata ya nyani. Aliuliza kitu kimoja tu, vumbi la mfukoni ni la mahindi ya nani. Nikasema ya Mzee Nzioka.

"Ya kuku," alisema.

Akaenda. Hakunipiga. Ningependa angenipiga, ingekwisha siku hiyo. Jioni aliniwekea chakula na kusema, bila hasira, kama mtu anayesoma mizani, kwamba mahindi yakitoka matupu karo itageuka unga, na mimi nitaiona hiyo shule nikipita nje na mbuzi. Haikuwa adhabu. Ilikuwa hesabu, na hesabu yake sijawahi kuipata na kosa.

Kungoja nako ni sehemu ya kazi, hakuna anayekuambia. Niliosha kila chupa ya maabara mpaka mwalimu akauliza kama ninataka kuzitoboa. Kisha akanifundisha kitu ambacho hakiko kwenye kitabu chenu. Huna haja ya kusubiri mavuno. Unywele uliopata vumbi ukishamaliza kazi yake unakatika pale chini kwenye punje. Ambao haukupata unashikilia. Kwa hivyo chuna hindi moja majani kwa utaratibu, lote, ligeuze kichwa chini, likung'ute. Nywele zikianguka, una punje. Zikibaki, una gunzi lenye ndevu.

Nilienda kumwambia Mwaitu. Nilidhani atanifukuza. Akaacha sufuria, akashuka shambani mbele yangu, akachagua hindi mwenyewe, siyo kubwa, la katikati, kwa sababu hadanganyiki. Akalichuna jani kwa jani. Mikono yake inafanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa na siku hiyo ilikuwa inachelewa. Akalishika kwa shina, kichwa chini, akakung'uta mara moja.

Zilianguka. Karibu zote, zikatua juu ya miguu yake kama nywele za kinyozi. Chache tu zilibaki juu kabisa kwenye ncha. Mwaitu alichukua jingine, akakung'uta, zikaanguka. Akachukua la tatu. Nilimwambia sasa tutabaki bila mahindi kwa kuyajaribu, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mfuko akaniita jina. Kisha akaketi pale pale udongoni, miguu imenyooka, akamwambia baba kwa simu kwamba ni sawa, yako, halafu akakata bila kueleza ni nini kiko. Baba alinipigia baadaye akiwa na wasiwasi kama kuna mtu amejifungua.

Mimi nilitembea hadi chini kabisa ya shamba, nikageuka, nikarudi. Sikuwa na sababu. Miguu ilikuwa imekuwa miepesi tu.

Mambo mengine ya kazi nitayapitia haraka. Chura wa kwanza wa maabara alipotoroka, alipatikana. Yule wa pili hakupatikana, mkimsikia nyuma ya kabati msimsumbue, amekaa hapa muda mrefu kuliko mwalimu mkuu. Rangi nyekundu haitoki kwenye shati, usimwambie mama ni damu. Kama hujui kitu kiko hatua gani, pasua kimoja, kisha simama uulize. Na mkiona mtu mdogo anang'ang'ana na slaidi, mwulizeni lile swali la mwalimu, kwa upole. Mimi nimeanza kuliuliza na linafanya kazi hata kwa wanaonizidi umri.

Tulivuna mwezi wa nane, wakati wa likizo. Tulipochuna majani uani, ndipo tukaona sura ya Mzee Nzioka. Punje nyingi zilikuwa za manjano, zingine nyeupe, zimechanganyikana kwenye hindi moja kama meno ya mtu aliyetibiwa na madaktari tofauti. Nyeupe zilitoka kwa vumbi la yale yaliyodumaa njiani na la mashamba mengine. Nilimweleza Mwaitu kwamba rangi ya manjano ina nguvu, punje ikipata nusu hiyo kwa baba inajionyesha hapo hapo. Akasema anaona. Hakusema kingine, aliendelea kupukuchua, na magunia yalikuwa yanajaa, hatukuhitaji kuyahesabu kujua kwamba karo imebaki karo.

Hapo ndipo Mzee Nzioka alipoingia. Alikuwa amevaa koti. Hakusalimia vizuri, alienda moja kwa moja kwenye rundo, akachagua hindi la manjano kuliko yote, akaliweka kando ya shavu lake na kutugeukia, ili tulinganishe. Akasema amekuja kuchukua watoto wake. Alileta hata kikapu. Mumbua alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilimwangalia Mwaitu, maana alikuwa na hindi mkononi na hakuna aliyejua kama atalipukuchua au atalitupa.

Alimaliza kulipukuchua kwanza. Aliweka gunzi chini. Kisha akasema:

"Mzee Nzioka, wewe ndiye ulisimama hapa ukahesabu meno ya mbuzi wa Mumbua. Wa mahindi yangu uliwapitisha mlango gani? Hakuna mbuzi, hakuna mtoto. Weka hicho kikapu, keti upukuchue. Hawa wote ni wangu, hata hawa wa manjano."